Bunge Linashitakiwa kwa Kosa Gani? Kuzitenganisha Hoja Zinazoikosoa Demokrasia ya Kibunge

Mtu akiyasoma kwa mfululizo maandishi ya wanafalsafa waliolikosoa bunge katika kipindi cha zaidi ya miaka 250 iliyopita, jambo la kwanza litakalomtatiza ni kwamba washitaki hao hawakubaliani hata juu ya kosa lenyewe. Mmoja analalamika kuwa bunge ni baraza la porojo, ambamo watu huzungumza kutwa nzima ilhali nchi inangoja uamuzi. Mwingine anasema hakuna mjadala wowote wa kweli bungeni, kwa kuwa kila jambo lilikwisha kuamuliwa katika kikao cha chama kabla mbunge wa kwanza hajasimama. Yuko anayeona kuwa wabunge wamewapa wananchi kisogo, na yuko anayeona kuwa wabunge wanawaogopa wananchi kupita kiasi, hata hawathubutu kupitisha jambo lenye faida ya miaka 30 ijayo endapo litawaudhi wapiga kura wa leo. Hoja hizi zote hutiwa katika kapu moja na kuitwa ukosoaji wa demokrasia ya kibunge, na matokeo yake ni kwamba msomaji hukubali nusu ya kila moja bila kugundua kuwa amekubali mambo yanayopingana. Njia ninayoiona kuwa nyepesi zaidi ya kuzichambua ni kumuuliza kila mkosoaji maswali mawili: ni ahadi gani ya bunge anayodai kuwa imevunjwa, na bunge likiondoka, yeye ataweka nini mahali pake. Swali la pili ndilo linalosahaulika, nalo ndilo zito.

Kuna jambo la istilahi linalopaswa kuwekwa sawa kwanza. Demokrasia ya kibunge ina maana mbili, na hoja inayoigonga moja inaweza kuipita nyingine bila kuigusa. Kwa maana finyu, ni mfumo ambamo serikali huzaliwa na bunge na hufa bunge likiinyima imani, tofauti na mfumo wa rais anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa muda maalumu. Kwa maana pana, ni utawala wowote ambamo sheria hutungwa na wawakilishi waliochaguliwa, si na wananchi wenyewe. Juan Linz, mtaalamu wa sayansi ya siasa, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1990, aliitetea maana finyu kwa nguvu: alisema kuwa katika mfumo wa urais, rais na bunge kila mmoja hudai kuwa ndiye aliyetumwa na wananchi, wala hakuna anayeweza kumwondoa mwenzake, na hivyo mgogoro wa kawaida hugeuka kwa urahisi kuwa mgogoro wa dola. Mtu anaweza kukubaliana na Linz kabisa na bado akaungana na mwanafalsafa Rousseau, tutakayemwona sasa hivi, katika kuikataa maana pana. Hapo hakuna kigeugeu.

Jean-Jacques Rousseau ndiye aliyeweka shitaka la kwanza na lililo gumu kuliko yote kulijibu. Katika kitabu chake cha mwaka 1762 kuhusu mkataba wa jamii alisema kwamba mamlaka ya kutunga sheria hayawakilishiki, kwa sababu msingi wake ni utashi, na utashi ama ni wako ama ni wa mtu mwingine. Hakuna cha katikati. Waingereza, alisema, hujidhania kuwa watu huru, lakini wanajidanganya: wako huru siku ya kuwachagua wabunge tu, na wabunge wakishachaguliwa, wananchi hurudi utumwani. Mara nyingi hoja hii husomwa kana kwamba ni malalamiko kuhusu wabunge wabaya. Sivyo. Hata bunge lililojaa watu waadilifu lisingemridhisha Rousseau, kwa kuwa kinachomsumbua si kwamba mwakilishi atakosea, bali kwamba sheria niliyotungiwa na mwingine si sheria yangu, hata ikiwa nzuri. Alikubali kwamba kazi ya kutekeleza sheria inaweza kukabidhiwa wachache. Kilichomkera ni kukabidhi kazi ya kuzitunga. Tena hakuwa mtu wa ndotoni. Alipoandika baadaye kuhusu serikali ya Poland, nchi ambayo wananchi wake wasingeweza kukusanyika uwanja mmoja, alikubali wawepo wajumbe, kwa sharti kwamba wafungwe na maagizo ya waliowatuma na wabadilishwe mara kwa mara.

Jibu la upande wa pili lilitolewa mjini Bristol tarehe 3 Novemba 1774, siku ambayo wagombea wawili walioshinda walisimama kuwashukuru wapiga kura. Henry Cruger, aliyetangulia kusema, alikubali kwamba wapiga kura wana haki ya kumwelekeza mbunge wao. Edmund Burke alipofuata alifanya jambo ambalo si rahisi kulifanya siku ya furaha: aliwaambia watu waliotoka kumchagua kwamba hatafungwa na maagizo yao. Mbunge, kwa maelezo yake, anawiwa na wananchi bidii yake pamoja na busara yake, na akiitoa kafara busara hiyo ili kuyaridhisha maoni yao atakuwa amewasaliti, si amewatumikia. Bunge kwake halikuwa mkutano wa mabalozi wa maslahi yanayohasimiana. Lilikuwa baraza la taifa moja linalotafuta manufaa ya wote. Ni hotuba nzuri, na kila mbunge aliyewahi kupiga kura kinyume cha matakwa ya jimbo lake ameitegemea, ajue asijue. Lakini kilichofuata hakisimuliwi mara nyingi kama hotuba yenyewe. Mwaka 1780 Burke alijitoa Bristol baada ya kuona kuwa hana matumaini ya kushinda, kwa kuwa wapiga kura hawakumsamehe kwa kuunga mkono uhuru zaidi wa biashara na Ireland na kupunguzwa kwa vizuizi vya kisheria dhidi ya Wakatoliki. Alirudi bungeni kwa kupitia Malton, jimbo lililokuwa mikononi mwa mfadhili wake, Marquess wa Rockingham. Yule aliyewaambia wapiga kura kuwa hatakuwa mtumishi wa maagizo aliupata uhuru wake kutoka kwao kwa kuegemea bega la bwana mmoja. Silisemi hili kumdhalilisha Burke, ambaye katika mambo yote mawili yaliyomponza alikuwa upande wa haki. Ninalisema kwa sababu linaonyesha kwamba swali la kama mbunge awe huru au afungwe halijakamilika mpaka tuulize yuko huru kutoka kwa nani na amefungwa na nani.

Jibu la swali hilo katika mabunge mengi ya leo ni kwamba mbunge amefungwa na chama. Si mjumbe wa Rousseau wala mdhamini wa Burke; ni askari wa safu. Robert Michels, mwanasosholojia aliyekichunguza chama cha Kisoshalisti cha Ujerumani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1911, alieleza jinsi hali hiyo inavyojijenga yenyewe bila njama ya mtu yeyote. Chama kikikua kinahitaji watendaji wa kudumu. Watendaji wa kudumu hushika mafaili, fedha na magazeti ya chama. Wanachama wa kawaida, waliochoka na kazi zao, huwashukuru wanaojitolea kubeba mzigo. Na baada ya muda viongozi hao hawaondosheki, si kwa kuwa wamejiimarisha kwa nguvu, bali kwa kuwa hakuna mwingine anayejua mambo yanakwendaje. Michels alilichagua chama hicho kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kilichojinadi kuwa cha kidemokrasia kuliko vyote. Ikiwa hata hicho kinaishia mikononi mwa wachache, aliuliza, kitapona kipi? Mwenyewe alikata tamaa kiasi kwamba baadaye aliuunga mkono utawala wa Mussolini, na hapa swali letu la pili linaanza kuuma: aliyegundua kwamba vyama hutawaliwa na wachache aliishia kumkubali mtawala mmoja.

Maana finyu ya demokrasia ya kibunge ina shitaka lake mahususi, nalo linahusu ahadi kwamba bunge litaisimamia serikali. Walter Bagehot, mwandishi wa Kiingereza, aliandika mwaka 1867 kwamba siri ya ufanisi wa katiba ya Uingereza ni kuunganika kwa karibu, karibu kabisa, kwa mamlaka ya utendaji na mamlaka ya kutunga sheria, baraza la mawaziri likiwa kiungo kinachoyashikanisha. Alikusudia kusifu. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1976, Lord Hailsham, mwanasiasa wa chama cha Conservative, aliutazama muungano uleule akauita udikteta wa kuchaguliwa. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuuona kwa karibu. Fikiria mbunge wa chama tawala ambaye hakubaliani na muswada wa serikali. Mawaziri wamekaa safu ya mbele yake, na yeye anatamani siku moja akae hapo. Atakayemwinua ni waziri mkuu. Mnadhimu wa chama amekwisha kumkumbusha kwamba kura hii ni ya lazima. Tena muswada ukianguka, huenda serikali ikaanguka nao, uchaguzi ukaitishwa, na kiti chake mwenyewe kikawa mashakani. Upanga wa kutokuwa na imani ulitengenezwa ili mbunge aielekezee serikali. Hapa serikali imeushika mpini na mbunge ameshika makali. Inafaa kuongeza kwamba Hailsham alipotoa onyo lake chama chake kilikuwa upinzani. Kuanzia mwaka 1979 alirejea serikalini akiwa Lord Chancellor, waziri anayesimamia mahakama, kwa miaka minane, na mfumo alioulalamikia ukaendelea kama ulivyokuwa.

Ukali wa tatizo hili unategemea sana namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti, na hapa hoja mbili huchanganywa mara kwa mara. Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Mwaka 1951 chama hichohicho kilipata kura nyingi kuliko Conservative na bado kikashindwa kwa viti 295 dhidi ya 321. New Zealand ililiona jambo la namna hiyo mara mbili mfululizo, mwaka 1978 na 1981, na hatimaye wananchi wake wakaamua katika kura ya maoni ya mwaka 1993 kuhamia uwakilishi wa uwiano, ambamo kila chama hupata viti kulingana na kura zake, uliotumika kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Hayo ni makosa ya kanuni ya uchaguzi, na yanarekebishika bila kuligusa bunge lenyewe. Anayeyatumia kama ushahidi kwamba bunge halifai amelishitaki jengo kwa kosa la mlango.

Hata hivyo, ukifungua mlango huo kwa upana hata vyama vingi vidogo vikaingia, shitaka la kinyume linakungoja nje. Jamhuri ya Nne ya Ufaransa, iliyodumu kuanzia mwaka 1946 hadi 1958, ilipata serikali zaidi ya 20 katika miaka hiyo 12. Katika Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya kabla ya Hitler, vyama ambavyo visingeweza kutawala pamoja hata kwa siku moja viliweza kuungana kwa saa moja tu ili kuiangusha serikali iliyopo. Wajerumani waliotunga sheria ya msingi ya mwaka 1949 walijifunza kutokana na hilo: Ibara ya 67 inasema kwamba bunge haliwezi kumwondoa kansela bila kumchagua mrithi wake katika kura ileile. Ibara hiyo imetumika mara mbili tu. Mwaka 1972 ilishindikana kwa upungufu wa kura mbili. Mwaka 1982 Helmut Kohl alimrithi Helmut Schmidt. Napenda mfano huu kwa sababu umelitia katika sheria swali lilelile tunalowauliza wanafalsafa: unayetaka kuondoa, tuambie kwanza unaweka nini.

Sasa tufike kwa mkosoaji ambaye hoja yake ni ya hatari kuliko zote kwa sababu nusu yake ni ya kweli. Carl Schmitt, mwanasheria wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1923 kitabu kifupi kuhusu hali ya bunge. Alianza kwa kuikataa sababu ambayo watu wengi huitoa, kwamba tuna bunge kwa kuwa wananchi wote hawawezi kukusanyika. Ikiwa sababu ni hiyo tu ya urahisi, alisema, basi hata mtu mmoja anayeaminiwa na wananchi anaweza kuamua kwa niaba yao, na hakuna haja ya mamia ya wabunge. Sababu ya kweli ya kuwapo bunge, kwa mujibu wake, ni imani kwamba ukweli na haki hujitokeza pale mawazo yanapogongana hadharani: mjadala na uwazi. Kisha akauliza kama kuna anayeiamini bado imani hiyo. Vyama vya umma vinakuja bungeni vikiwa na misimamo iliyokwisha kufungwa. Hotuba husomwa kwa ajili ya magazeti, si kwa ajili ya kumshawishi aliyeketi upande wa pili. Mambo makubwa huamuliwa katika kamati ndogo na katika vyumba ambamo wenye viwanda hukutana na viongozi wa vyama. Jengo limebaki na roho imetoka. Yeyote aliyewahi kukaa na kusikiliza mjadala wa bajeti ambao matokeo yake yalijulikana wiki nzima kabla hawezi kusema kuwa Schmitt alizua.

Nusu ya pili ya hoja yake ni tofauti kabisa, na ni muhimu isibebwe mgongoni mwa ile ya kwanza. Schmitt alidai kwamba demokrasia na uliberali, yaani imani katika uhuru wa mtu binafsi na mjadala, ni vitu viwili, kwamba demokrasia maana yake ni watawala na watawaliwa kuwa kitu kimoja, na kwamba umoja huo unahitaji watu walio sawa kwa asili na, ikibidi, kuondolewa kwa walio tofauti. Kwa hiyo umma unaompigia kiongozi vifijo uwanjani unaweza kuwa wa kidemokrasia kuliko karatasi milioni zinazotumbukizwa kisirisiri masandukuni. Hakuna kinachounganisha nusu hizi mbili kwa ulazima wa kimantiki. Kutoka kwenye kauli kwamba mjadala umekufa unaweza kwenda kwenye kauli kwamba ufufuliwe, au kwamba utafutwe mahali pengine. Schmitt alichagua kwamba uzikwe.

Hans Kelsen, mwanasheria wa Austria, alijibu kwa njia ambayo hata leo naiona kuwa thabiti. Bunge, alisema katika maandishi yake ya miaka ya 1920, halikuwekwa ili kuutafuta ukweli. Hakuna umma mmoja wenye utashi mmoja unaongoja kugunduliwa. Kuna makundi yenye maslahi tofauti, na utaratibu wa bunge, pamoja na vyama vyake na kelele zake, ni chombo cha kuyafikisha makundi hayo kwenye mapatano ambayo walio wachache wanaweza kuishi nayo. Ukilipima bunge kwa kipimo cha chuo cha falsafa litafeli. Ukilipima kwa kipimo cha baraza la suluhu, huenda likafaulu.

Miaka kumi baada ya kitabu cha Schmitt, tarehe 23 Machi 1933, wabunge wa Ujerumani walikutana katika jumba la opera la Kroll mjini Berlin, kwa kuwa jengo lao lilikuwa limeungua mwezi uliotangulia. Wanamgambo wenye sare za rangi ya udongo walijaa ndani na nje ya ukumbi. Wabunge 81 wa Kikomunisti hawakuruhusiwa kushiriki. Wengi wao walikuwa wamekamatwa au wamekimbia. Muswada uliowekwa mezani uliiruhusu serikali ya Hitler kutunga sheria bila bunge. Otto Wels wa chama cha Kisoshalisti alisimama akaupinga, na wenzake wote waliokuwapo, jumla kura 94, wakasema hapana. Waliosema ndiyo walikuwa 444. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo Schmitt alijiunga na chama cha Nazi. Wakosoaji wa Kelsen wanaweza kusema, na wanasema kwa haki, kwamba mapatano yanayofikiwa gizani huwapendelea waliokuwamo chumbani. Lakini hata hotuba ile ya Wels, ambayo haikumbadilisha mtu nia, ilikuwa na kazi: iliandikwa katika kumbukumbu za bunge, na hakuna aliyeweza kudai baadaye kwamba wote waliafiki. John Stuart Mill alikuwa amesema mwaka 1861 kwamba bunge halifai kuendesha serikali, kazi yake ni kuimulika. Schmitt aliuliza kama mjadala unamshawishi mpinzani, akasahau kwamba una wasikilizaji wengine walio nje ya ukumbi, na wengine ambao bado hawajazaliwa.

Ahadi nyingine ya bunge ni kwamba mambo yataamuliwa na walio wengi. Waswahili wana methali inayotajwa kila panapopigwa kura, wengi wape, na wengi hudhani kuwa ni methali ya haki. Lakini mwisho wake, usipowapa watakupokonya, hausemi kwamba walio wengi wana haki; unasema kwamba wana nguvu. Nadharia ya siasa imefika mahali palepale kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya hesabu, na iligunduliwa na Condorcet, mwanahisabati wa Kifaransa, mwaka 1785. Tuseme bunge lina makundi matatu yanayolingana kwa idadi, na fedha zilizopo zinatosha jambo moja tu: barabara, hospitali au shule. Kundi la kwanza linapendelea barabara, kisha hospitali, kisha shule. La pili linapendelea hospitali, kisha shule, kisha barabara. La tatu linapendelea shule, kisha barabara, kisha hospitali. Ukizishindanisha barabara na hospitali, barabara inashinda kwa makundi mawili dhidi ya moja. Hospitali na shule, hospitali inashinda. Ungetarajia basi kwamba barabara itaishinda shule kwa mbali. La, shule inashinda, kwa makundi mawili dhidi ya moja vilevile. Walio wengi wanakwenda mduara. Sasa tazama kinachotokea kura zikipigwa kwa awamu mbili: wakianza na barabara dhidi ya hospitali, mshindi wa mwisho ni shule, wakianza na hospitali dhidi ya shule, mshindi ni barabara, wakianza na shule dhidi ya barabara, mshindi ni hospitali. Hakuna mbunge aliyebadili maoni wala aliyehongwa. Aliyepanga ratiba ya shughuli ndiye aliyeamua. Mchumi Kenneth Arrow alithibitisha mwaka 1951 kwamba hakuna kanuni ya kujumlisha mapendeleo inayotimiza kwa pamoja masharti machache ya busara yanayoonekana madogo. William Riker, mtaalamu wa sayansi ya siasa, mwaka 1982 alihitimisha kutokana na hayo kwamba kusema "wananchi wameamua" hakuna maana, na kwamba faida ya kura ni moja tu, kuwaondoa watawala. Naona amekwenda mbali mno, kwa kuwa mduara huo hautokei kila mara na mjadala wenyewe unaweza kupunguza uwezekano wake. Lakini amewanyima wabunge haki ya kujificha nyuma ya neno "wengi" bila kueleza swali liliulizwaje.

Njia ya pili ni ya historia. Bunge la Ireland Kaskazini lilidumu kuanzia mwaka 1921 hadi 1972, na katika muda wote huo chama kimoja, Ulster Unionist, kilichoungwa mkono na Waprotestanti, kilishika serikali. Uchaguzi ulifanyika, kura zilihesabiwa, na Wakatoliki, ambao walikuwa takriban theluthi moja ya watu, walishindwa kila mara. Muswada pekee wa chama chao cha Wazalendo uliowahi kupita ulihusu hifadhi ya ndege wa porini, mwaka 1931. Nadharia ya kibunge humwambia aliyeshindwa avumilie kwa kuwa zamu yake itafika, ila pale ambapo watu hupiga kura kwa kabila au dini, zamu hiyo haifiki. Arthur Lewis, mchumi aliyezaliwa Saint Lucia, alilisema hilo waziwazi mwaka 1965 alipoandika kuhusu siasa za Afrika Magharibi: katika jamii ya mchanganyiko, kuwaacha walio wachache nje ya serikali ni kinyume cha demokrasia, na dawa yake ni uwakilishi wa uwiano na serikali za mseto.

Wakati huohuo Julius Nyerere alikuwa amefikia hitimisho jingine. Mwaka 1963 aliandika kwamba ushindani wa vyama, ikiwa tofauti zao si za msingi, ni sawa na mchezo wa mpira, na kwamba chama kimoja kinacholingana na taifa zima huweka msingi imara zaidi wa demokrasia kuliko vyama viwili vinavyowakilisha sehemu mbili. Katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965, chama kimoja kiliwasimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, na baadhi ya mawaziri walipoteza viti vyao, jambo linaloonyesha kwamba ushindani haukuwa wa bure. Kasoro ni kwamba mpiga kura aliweza kumkataa mtu bila kuweza kuikataa sera. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyeikosoa kura ya walio wengi kwa ukali kama huo, alikuwa mwangalifu kujitenga na mfumo wa chama kimoja. Yeye alitaka maafikiano, yaani kuzungumza mpaka aliyeshindwa akubali hatua itakayochukuliwa, hata kama hajakubali kwamba ni sahihi. Mwanafalsafa Emmanuel Chukwudi Eze alimjibu kwamba maafikiano huchukulia kuwa maslahi ya watu, chini kabisa, ni mamoja, na hilo ndilo jambo lenyewe ambalo siasa hubishania.

Shitaka la mali nitalipitia kwa ufupi, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa kiini chake kinaeleweka upesi. Karl Marx, akiandika mwaka 1871 kuhusu Komuni ya Paris, serikali ya wafanyakazi iliyoushika mji huo kwa muda mfupi, alisema kwamba bunge humruhusu mwananchi kuamua kila baada ya miaka kadhaa ni nani kati ya tabaka tawala atakayemwakilisha vibaya. Madiwani wa Komuni walilipwa ujira wa mfanyakazi na waliweza kuondolewa wakati wowote. Charles Lindblom, mtaalamu wa sayansi ya siasa ambaye hakuwa mwanamapinduzi, aliongeza mwaka 1977 jambo linalouma zaidi: hata wabunge wasipopokea senti moja, wenye mitaji wana nafasi ya pekee, kwa kuwa wakisita kuwekeza ajira hupungua, na serikali yoyote huadhibiwa kwa hilo. Bunge haliponi hapo kwa kuwa na wabunge safi. Lakini mwezi Januari 1918, wafuasi wa Marx walipolivunja bunge la katiba la Urusi baada ya kikao kimoja, aliyewakemea alikuwa mwanamapinduzi mwenzao, Rosa Luxemburg, akiwa gerezani: uhuru wa wanaounga mkono serikali peke yao, aliandika, si uhuru.

Miongoni mwa wanaojibu swali la pili kwa makini leo ni wale wanaotaka kurudisha kura ya bahati, yaani kuwapata wawakilishi kwa bahati nasibu badala ya uchaguzi. Wanakumbusha kwamba kwa Aristotle uchaguzi ulikuwa na harufu ya utawala wa wachache, kwa kuwa huwapendelea wenye jina, mali na ulimi, na kwamba kupokezana kwa bahati ndiko kulikohesabiwa kuwa demokrasia. Athene ilikuwa na baraza la watu 500 waliopatikana hivyo, 50 kwa kila kabila kati ya makabila kumi. Kuanzia mwaka 2016 Ireland iliwakusanya raia 99 waliochaguliwa kwa bahati, pamoja na mwenyekiti ambaye alikuwa jaji, wajadili miongoni mwa mengine kifungu cha katiba kuhusu utoaji mimba, jambo ambalo wanasiasa walikuwa wamelikwepa kwa miaka mingi. Walisikiliza wataalamu na mashahidi kwa miezi, na watu waliokuwa hawajawahi kusimama jukwaani walijadiliana kwa namna ambayo Schmitt alidhani imekufa.

Ila raia hao 99 hakuna aliyewatuma, na hakuna angeweza kuwaondoa kama wangekosea. Kwa hiyo pendekezo lao lilikwenda kwenye kamati ya bunge, iliyotoa ripoti Desemba 2017. Bunge likapitisha muswada wa kuitisha kura ya maoni. Tarehe 25 Mei 2018 wananchi wakalikubali badiliko kwa asilimia 66.4; kisha bunge likarudi tena mezani kuandika sheria yenyewe, ibara kwa ibara, likibishania siku, masharti na adhabu, mpaka ikatiwa saini Desemba mwaka huo.